Kikomo cha Njia za Ntoto

"Mama Mukasine, hii ruta inajuaje njia ya Ntoto, na yenyewe haijatokaka hapa Kirolirwe?" jirani yake Uwamariya alimuuliza siku moja, alipoleta simu kuchaji.

"Inaambiwa na wenzake. Ruta ya Ntoto inasema: kufika kwa fulani, pitia kwangu. Hii nayo inaamini."

Ndiyo kazi aliyopewa na parokia baada ya kuwa mjane: kulinda ruta, kile kisanduku cha mtandao, katika chumba kando ya sakristia, kupangusa vumbi na kuangalia taa. Ya kijani, amani. Ya njano, ruta jirani inakaribia kikomo cha njia inazoruhusiwa kutangaza. Ya nyekundu, imevuka, na ruta ya hapa inaifungia mlango, yenyewe na njia zake zote. Mukasine aliziangalia huku akisali rozari.

Wakati wa Kwaresima, Ntoto ilianza kutangaza njia za watu wa Kirolirwe waliouawa kule, wachuuzi wa mawese na waliokimbia vita. Kila njia iliyopokelewa ilitokea sakafuni, udongo mwekundu na majani yake ya pembeni, ikatoka mlangoni na kushuka katikati ya shamba la maharagwe. Mukasine alisogeza viti. Wenye marehemu walikuja baada ya misa, wakapita humo kwenda kwa wafu wao, wakarudi jioni wamebeba mboga ya sombe ya moto katika majani ya ndizi. Uwamariya alienda kwa marehemu mama yake.

"Alisema nini?" Mukasine alimuuliza.

"Matusi tu! Eti nimenenepa, na hii kikwembe nimevaa njo yake, niliiba."

"Si uliiba kweli?"

Wakacheka mpaka machozi.

Mukasine yeye alikuwa anangoja njia ya mume wake. Nzabandora alichukuliwa barabarani akitoka kununua mawese Ntoto, na mpaka leo hakuna aliyemwonyesha kaburi. Taa ilipogeuka njano, alimpigia simu Jean-Luc, tekinisiye wa mtandao, aje aongeze kikomo.

Jean-Luc alifika na pikipiki, matope mpaka magotini. Alivua viatu mlangoni ili asichafue njia za watu.

"Mama, hii kikomo si mimi niliweka. Ilitoka ku biro ya wakubwa wa mutandao. Walihesabu wafu wa Ntoto wenye vifo vyao viliandikwa rasmi, hesabu ikaishia pale."

"Na wengine?"

"Biro inasema hakuna wengine."

Akiwa bado anaongea, njia nyembamba ilitokea chini ya meza. Mukasine aliitambua kwa alama za viatu vya bote vya mume wake: mguu wa kushoto ulikuwa unakokotwa, kama siku zote. Kule mwisho, kwenye maharagwe, Nzabandora alisimama na kofia mkononi, akingoja kukaribishwa kama mgeni.

Taa ikawa nyekundu. Njia zote zikaanza kujikunja kama mikeka, ile ya mama yake Uwamariya na za wengine, bila kelele.

"Ongeza moja tu, mutoto wangu."

"Nikiongeza, watauliza iko ya nani. Nitajibu nini? Kwao Papa Nzabandora hakufaka."

"Kama hakufaka, yeye iko wapi?"

Jean-Luc aliinama, akatazama vidole vya miguu yake. Hakugusa kitu. Kule nje maharagwe yalikuwa yamesimama tena wima, na hapakuwa na mtu ndani yake.

Mukasine alikaza kitambaa cha kichwa, akavuka kizingiti, akaingia shambani mahali ambapo hapakuwa na njia, kuelekea pale Nzabandora aliposimama.