Msafara wa Mashine ya Donna Ersilia

Mkahawa wa Donna Ersilia ulipofungwa, wateja wake watatu wa kudumu hawakutafuta mkahawa mwingine. Walitafuta mashine yake ya kahawa.

Waliikuta kwenye karakana ya Aniello, nyuma ya soko la samaki la Castellammare, imelazwa juu ya meza, mabati yamevuliwa na matumbo ya shaba yako nje. Fortunata, mpwa wa Aniello, alikuwa ameingiza mkono ndani mpaka begani, akikwangua ukoko wa chokaa.

"Jamani, mfunike basi!" alisema Don Sossio, kondakta mstaafu wa treni. Alivua kofia na kugeukia ukutani. "Mbele za watu hivi?"

"Ni mashine, Don Sossio."

"Na mimi ni mtu mwenye haya."

Kesho yake walirudi, saa ile ile waliyozoea kwenda kwa Donna Ersilia. Don Liborio kinyozi alikuja amekumbatia kipande cha kaunta ya marumaru alichokiokota kwenye kifusi cha mkahawa. Alikiweka juu ya meza ya kazi ili apate pa kuegemeza kiwiko. Profesa Gargiulo, aliyewafundisha watu wa mji ule Kilatini mpaka wakakichukia, alileta gazeti na ufito wa kulitundikia. Baadaye ukutani pakatokea picha ya mtakatifu, na hakuna aliyekubali kuwa ndiye aliyeitundika. Wiki haikuisha, mama mmoja mgeni akaingia kuuliza kama maandazi yametoka. Aniello mwenyewe, mtu wa grisi tangu utotoni, alijikuta amefunga aproni nyeupe na anamwambia, "Bado, mama, subiri kidogo."

Fortunata hakuwafukuza, maana aliwahitaji. Karakana ile ilikuwa na desturi yake tangu enzi za babu: mashine iliyotengenezwa haipigiliwi kibati cha shaba chenye jina la Aniello mpaka watu walioinywea zamani waonje na kusema neno moja, "Ndiye." Bila kibati hakuna mnunuzi. Na safari hii kibati kilibeba zaidi ya mashine.

"Hii itengeneze peke yako," Aniello alikuwa amemwambia. "Mgongo wangu umekwisha. Ikitoka mlangoni na kibati, funguo za karakana ni zako. Ikifika sikukuu ya Mtakatifu Catello bado iko hapa, namwachia binamu yako Renzo. Yeye atauza makasha ya simu."

"Makasha ya simu, mjomba?"

"Yenye picha za paka."

Fortunata alishika bisibisi kama mtu aliyeshika panga. Alibadilisha raba zote, akaloweka mabomba kwenye asidi ya ndimu, akatia springi mpya. Mkono wa mashine ukawa unashuka kwa nguvu na kupanda kwa adabu. Kahawa ikatoka kama uzi, nzito, povu lake rangi ya joho la mtawa. Akawapa wazee, na glasi ya maji kando ya kila kikombe. Wakanywa maji kwanza, kama inavyopasa, kisha kahawa. Wakatazamana.

"Bado," akasema Don Liborio.

"Bado nini?"

"Binti, tatizo umemwogesha mno. Amesahau jina lake."

Fortunata akalegeza hiki, akakaza kile. Siku iliyofuata Profesa alisema kahawa ina huzuni. Siku nyingine Don Sossio alidai inafika mapema, na kwa kondakta wa treni hilo halikuwa jambo la kuaminika. Kila siku vikombe vilirudi vitupu, sukari ya chini imekombwa kwa kijiko, na kila siku neno lilikuwa lile lile: bado.

Sikukuu ilipofika, mnunuzi naye akafika. Alikuwa Bwana Percuoco, mwenye duka la majeneza juu ya mlima, aliyetaka mashine kwa ajili ya ukumbi wake wa wafiwa. Alikuja na gari la maiti, kwani hakuwa na gari lingine.

Wazee watatu waliliona likisimama mlangoni, na wote kwa pamoja wakashika chuma kilicho karibu, kuondoa nuksi.

"Umemfuata nani?" akauliza Don Sossio.

"Tulia, Don Sossio. Leo nimefuata mashine tu."

"Hiyo 'leo' siipendi."

Aniello alisimama katikati na kibati mkono mmoja, nyundo mkono wa pili. "Haya. Onjeni mara ya mwisho. Renzo yuko pale nje, anapima ukuta."

Kweli, Renzo alikuwa nje na utepe wa kupimia, anapiga mluzi. Fortunata alisaga, akashindilia, akavuta mkono wa mashine. Kahawa ikashuka bila kukatika. Wazee wakanywa maji yao, wakanywa kahawa.

"Maji ya kufulia soksi," akasema Profesa, macho ameyafumba.

"Marehemu alikuwa mwema," akasema Don Sossio. "Tumsamehe."

Don Liborio alikuwa bado analamba kijiko. "Kutu," akasema. "Kutu mpaka masikioni."

Aniello akaiweka nyundo chini. Fortunata alimtazama Don Liborio, akakitazama kijiko. Machozi yalikuwa yamekwisha kumlenga. Akajisemea, basi angalau mzee wa watu asiondoke na kutu mdomoni. Akajaza glasi upya.

"Pole, Don Liborio. Chukua maji, usukutue."

Don Liborio akaziba mdomo kwa kiganja kama mtoto anayekataa dawa.

Kwa watu wale maji hutangulia kahawa. Anayeyanywa baada ya kahawa amemtukana aliyeipika, na tena amejiibia mwenyewe, maana ameufukuza utamu uliokuwa bado umekaa ulimini. Fortunata akafuta macho kwa mkono wenye grisi, akajichora masharubu bila kujua. Akajaza glasi ya pili, na ya tatu.

"Kahawa ni mbaya?"

"Mbaya," wakasema.

"Basi kunyweni maji."

Profesa aliinua glasi yake, akaichunguza kwenye mwanga, akasogea mpaka kwenye picha ya mtakatifu na kuimwaga kwenye chombo cha maua. Maua yenyewe yalikuwa ya plastiki. Don Sossio alifikisha glasi mpaka mdomoni. Ghafla akafungua kola ya shati na kuyamimina maji yote kifuani.

"Nilisikia joto," akasema. Ulikuwa mwezi wa Januari.

Don Liborio akaangua kilio. "Ndiye! Ndiye yeye, mpaka ule uchungu wa mwishoni kama njugu iliyoungua! Alikuwa ndiye tangu siku ya kwanza!"

"Sasa mbona mnanitesa?" Fortunata akapaza sauti.

"Tukisema ndiye, anaondoka. Sisi twende wapi? Kule stesheni wanatilia kahawa kwenye karatasi!"

"Ndiye," akasema Profesa kwa sauti ndogo.

"Ndiye," akasema Don Sossio, akitiririka maji.

Aniello akapigilia kibati, kisha akachomoa funguo kwenye mkanda na kuziweka katika kiganja cha mpwa wake. "Kamwambie Renzo akunje utepe. Kisha ufunge mlango. Hatuwezi kumwacha aende peke yake."

Mashine ikaingizwa kwenye gari la maiti, ikafunikwa shela. Wazee watatu wakafuata kwa miguu, kofia mikononi, wakilia kwa dhati. Wenye maduka walipowaona wakashusha milango. Wanawake wakapiga ishara ya msalaba. "Ni nani?" watu wakauliza. "Ni wa kwa Donna Ersilia," akajibu Don Liborio kwa kwikwi, na hilo likawatosha. Walipofika juu mlimani, mtaa mzima ulikuwa nyuma yao.

Katika ukumbi wa Bwana Percuoco kulikuwa na jeneza moja, na pembeni mjane mmoja kwenye viti vingi vitupu. Aliona mlango ukifunguka na watu wakimiminika ndani wakilia.

"Sikujua alikuwa na marafiki," akasema, akashika kifua.

Bwana Percuoco akawakonyeza wote wanyamaze. Don Sossio, shati limemganda mwilini, akaitazama mashine, akamtazama mjane.

"Mama," akasema, "tulikuwa naye kila asubuhi. Kila asubuhi ya Mungu."

Fortunata akaunganisha bomba na umeme, akangoja mpaka geji ikapanda. Kikombe cha kwanza akampelekea mjane pamoja na glasi ya maji. Mjane akanywa maji yote, akanywa kahawa, akabaki akimtazama mumewe.

"Nikuongeze maji, mama?" Fortunata akauliza, funguo zikimlemea mfukoni.

Mjane akatikisa kichwa, midomo ameibana.