Jina Baada ya Ranjit Singh

Miezi minane nilipita lango la ngome ya Jaisalmer, ninamoishi, simu ikiwa sikioni, na simu yenyewe imezimwa. Sababu ilikuwa Sumar Khan. Alikuwa akikaa pale chini ya ukuta na kamaicha yake, fidla ya kwetu yenye tumbo la ngozi ya mbuzi, anaimba toka asubuhi hadi mchana. Watu walimpita kama wanavyolipita jiwe. Mimi nilimpita kwa haraka kuliko wote, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na cha kuogopa.

Baba zake waliwaimbia baba zangu vizazi saba. Wao Waislamu, sisi Warajputi wa Kihindu, na hakuna aliyeona ajabu. Mtoto akizaliwa, wanakuja. Mtu akioa au akifa, wanakuja, wanaimba majina ya ukoo mmoja baada ya mwingine, nasi tunawapa ngamia, nguo, nafaka. Alipofariki baba yangu, Ranjit Singh, Sumar alikuja siku ya kumi na mbili ya matanga kuimba. Nilimwambia arudi kwao, siku hizi kuna spika. Hata kilemba sikumpa.

Kesho yake nyuzi za kamaicha yake zilikutwa zimezikwa mbele ya mlango wangu. Kwetu kila mtu anajua maana yake. Mwimbaji amekupa talaka. Nilicheka, nikasema mbwa watazifukua.

Kicheko kiliniisha binti yangu Chandan alipoposwa. Babu wa kijana, Mzee Padam Singh wa Barmer, ni mtu wa mila, na alisema atakuja Jumatatu aione nyumba kabla ya kutoa neno. Nani ataoa kwenye nyumba iliyoachwa na mwimbaji wake? Na ngome yetu ina njia moja tu ya kupandia, inayopita pale pale alipokaa Sumar. Kikulacho ki nguoni mwako. Niliona wazi kuwa mtu yule alichagua mahali pale makusudi, na kwamba kila siku ananitukana kwa wimbo.

Lakini ananitukana vipi? Nilimwendea Kanaram, muuza chai, ambaye jiko lake liko hatua sita tu kutoka kwa Sumar.

"Eti, yule anaimba nini?"

"Nani?"

"Huyo hapo, Kanaram. Miezi yote hii yuko puani mwako."

"Ndugu yangu, mimi nasikiliza maziwa yasifurike."

Nikamkamata Gopal, anayetembeza watalii. "Huwa nawaambia anaimba mapenzi," akasema.

"Ni mapenzi kweli?"

"Nitajuaje? Ila hakuna aliyewahi kulalamika."

Niliwashuku wote wawili kwamba wamekula njama naye. Haiwezekani mtu aimbe miezi minane hadharani na asipatikane hata mmoja wa kusema ameimba nini. Nyumbani mke wangu alinitazama, akaweka bakuli la dengu chini.

"Si ukasikilize mwenyewe, Baba Chandan? Masikio unayo mawili."

"Ndicho anachokitaka. Nikisimama, nimekubali."

"Umekubali nini?"

Nikalivuta bakuli, nikala.

Jumatatu nilimpokea Mzee Padam Singh barabarani, nikamshika kiwiko, nikaanza kuongea. Niliongea habari za mvua, za viatu ninavyouza, za magoti yangu, kwa sauti ya mtu anayeuza vitunguu. Tulipofika langoni nikaongeza mwendo. Mzee akasimama.

"Nyamaza kidogo, bwana Jorawar," akasema. "Huyu anapiga vizuri sana."

Basi akasimama pale na fimbo yake, watu wakitupiga mabega. Na mimi, kwa mara ya kwanza, nikasikia. Hayakuwa matusi. Yalikuwa majina yetu. Babu wa babu yangu aliyechimba kisima, mwanawe aliyempa mgeni farasi wake, babu yangu, kisha baba, Ranjit Singh. Niliposikia jina la baba likivutwa juu ya uzi ule, nilikiachia kiwiko cha mzee. Hapo Sumar akanyamaza.

"Huyo Ranjit Singh si ndiye baba yako?" mzee akaniuliza. Kisha akamgeukia Sumar. "Na baada yake?"

Sumar alinitazama. Nilijua kinachokuja: atasema ameniacha.

Akainua upinde, akaimba: Ranjit Singh, na mjukuu wake Chandan, nyumba atakayoingia ipate heri.

Mzee Padam Singh alivua shali yake, akamwekea magotini. "Ukoo unaoimbiwa hadi mabinti," akasema. "Sijawahi kusikia. Lakini mbona amekuruka wewe?"

"Ni utani wetu," nikasema.

"Ndiyo, mzee," Sumar akasema taratibu. "Ni utani wetu."

Neno lilitolewa jioni ile ile. Kesho yake nilimpelekea Sumar kilemba chekundu, kirefu, cha kupewa mwimbaji wa nyumba. Alikigusa kwa kidole, akakirudisha.

"Talaka ni talaka, bwana mkubwa. Ila mtoto hana kosa."

"Basi kwa nini unawaimba watu wa nyumba uliyoiacha?"

"Majina hayajaandikwa popote. Nisipoyaimba nitayasahau, na mimi nikiyasahau yamekwisha. Nikaona hapa panafaa, hakuna anayesikiliza."

Chandan yuko Barmer sasa. Mimi nasimama langoni kila asubuhi, simu iko mfukoni, na Kanaram ameshaacha kuniuliza nasubiri nini. Sumar akifika kwenye jina la baba huvuta pumzi. Nami navuta yangu. Kisha anakwenda moja kwa moja kwa Chandan.