Anachobeba Mwatum Kichwani

Mwatum aliporudi Vitongoji kutoka Misri, mwaka hamsini na tisa, alishuka garini na sanduku moja la mbao ambalo hakumruhusu mtu kumpokea. Alikuwa amekaa Kairo miaka minane, akilea watoto wa familia moja ya Kiarabu yenye mashamba ya karafuu Pemba. Sanduku lile alilisukuma uvunguni mwa kitanda, na hilo likatosha kuwatia watu maneno. Wengine walisema ni mtambo wa kupelekea habari Misri. Wengine wakasema ni dhahabu ya mume aliyemkimbia.

Hakuwa na mume wala mtambo. Ndani mlikuwa na kinara cha shaba chenye matawi tisa ya mishumaa, kimesimama juu ya kofia ya chuma. Alipewa na bibi mmoja wa Kimisri aliyekuwa akikaa chumba cha chini katika nyumba ile ya Kairo. Kazi ya bibi huyo ilikuwa kutangulia mbele ya maharusi. Msafara unapita mitaani kwa matari na zumari, naye mbele kabisa anacheza, mishumaa inawaka kichwani, kiuno kinazunguka, shingo haitikisiki. Mwatum alijifunza kwake, kwanza na sahani ya wali kichwani, baadaye na kinara chenyewe. Aliporudi kwao hakumwambia mtu. Alijua watakalomwita.

Aliyejua ni kaka yake tu, Nyange, kwa sababu siku moja aliingia bila hodi akamkuta nacho. Alisema, "Funika aibu hiyo," akatoka.

Ndiyo maana alishangaa sana, mwaka sitini na moja, Nyange alipokuja mwenyewe kumwomba acheze kwenye harusi ya binti yake Time.

"Mbele za watu?"

"Msafara wa kumpeleka bibi harusi ni wanawake watupu. Siye wanaume tutatangulia mbali na dufu, wala hatutageuka. Mtoto mwenyewe kaomba."

Mwatum alikwenda kumuuliza Time. "Mie?" alisema msichana. "Baba kaniambia wewe ndiye uliyeomba, shangazi." Mwatum aliona kuna jambo, lakini hakutaka kumharibia mtoto harusi, akakubali.

Mwaka ule ulikuwa wa chaguzi mbili, na kijiji kilikuwa kimepasuka. Watu walisusiana maduka, walisusiana hata maziko. Nyange alikuwa wa chama chenye alama ya jogoo. Mzee Kificho, baba wa bwana harusi, alikuwa wa chama kingine. Posa ilikuwa imepita kabla siasa hazijachacha, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuivunja.

Habari za ngoma ya Misri zilimfikia Mzee Kificho siku ya pili yake. Akamtuma dada yake, Bi Bimkubwa, apite kwa Mwatum kama mtu aliyekuja kuamkia tu. Alikaribishwa kahawa.

"Nasikia utabeba kitu kichwani, Bi Mwatum."

"Mishumaa."

"Na jua lote hili?"

"Ndivyo wafanyavyo huko."

"Huko." Macho ya Bi Bimkubwa yalikuwa uvunguni. "Hebu nikione."

"Hakipo. Nyange amekipeleka Chake Chake kwa fundi, kisuguliwe."

"Aa. Amekipeleka Nyange." Akainuka, kahawa ameiacha nusu.

Tangu hapo Mwatum hakupata raha. Mtu aliyekiita kinara kile aibu, leo anakihangaikia kisuguliwe?

Siku ya harusi, adhuhuri, Nyange alikileta kimeshonewa ndani ya kitambaa cheupe. "Usikifungue mpaka mfike mlangoni kwa Kificho," alisema. "Mkifika, ondoa kitambaa, washa, ucheze."

"Na mishumaa?"

"Imeshatiwa."

Alipoondoka, Mwatum alikivaa. Kilimvuta nyuma. Alikijua uzito wake tangu Kairo, na huu haukuwa wenyewe. Alifunga mlango, akakata uzi kwa wembe.

Juu kabisa, katikati ya mishumaa, alisimama jogoo wa bati, kilemba kimepakwa rangi nyekundu, miguu imelehemiwa kwenye shaba.

Alikaa kitandani. Kumbe Nyange alikuwa ameyapatia kazi maneno ya watu juu ya Misri. Angecheza na jogoo yule mlangoni kwa wakwe, wanawake wote wanaona, na lawama ingekuwa ya mwanamke aliyetoka Misri. Time angeingia nyumba ile na aibu hiyo, kama angeingia.

Alitafuta koleo, akamsokota jogoo mpaka akakatika, akamtupa chooni. Kisha akakishona kitambaa upya. Kukataa kucheza hakungefaa kitu. Wangesema tu kwamba amegunduliwa.

Baada ya laasiri msafara ulitoka, wanawake wakipiga pembe za vugo, ngoma yao ya harusi, Time katikati amefunikwa. Kwa Mzee Kificho walikuta wanawake wamejipanga mlangoni, mikono kifuani, hakuna aliyepiga kigelegele. Mbele yao alisimama Bi Bimkubwa. Mbali kidogo, wanaume wa dufu walioahidi kutogeuka waligeuka. Nyange alikuwa akitabasamu.

Mwatum aliondoa kitambaa. Akawasha mishumaa, akapiga magoti, akakivaa, akainuka polepole. Alicheza kama alivyofundishwa, mabega yametulia, kanga imekazwa kiunoni. Pembe za vugo zikakoma. Bi Bimkubwa alimzunguka mara moja, mara mbili, akipekua kwa macho, kisha akapenyeza mkono baina ya miale ya mishumaa na kugusa pale juu. Kidole chake kikakuta kovu la lehemu.

"Hapa palikuwa na kitu," alisema kwa sauti ya chini.

"Palikuwa," alijibu Mwatum, shingo haijatikisika. "Sasa hapana."

Bi Bimkubwa alimtazama Nyange kule alikosimama. Nyange hakuwa akitabasamu tena. Bi Bimkubwa akafungua kinywa. Mwatum akajikaza kuupokea ukelele wa kumshitaki, lakini kilichotoka kilikuwa kigelegele, kirefu, mpaka pembe zikaanza tena na Time akaingizwa ndani.

Nyange alimjia dadake asubuhi yake. "Yuko wapi?"

"Chooni."

"Wamekupa nini?"

"Hawakunipa kitu."

"Mtu hafanyi vile bure," alisema Nyange, na tangu siku ile hakumwamkia. Watu wa chama chake nao wakamwacha, wakisema amenunuliwa. Wa chama cha pili hawakumsogelea pia, kwani waliona ni mtego.

Ila kila Ijumaa Bi Bimkubwa alimpelekea, bila neno lolote, mikate ya mofa na mchuzi wa pweza. Ijumaa ya kwanza Mwatum alimpa paka, akakaa kumtazama mpaka magharibi. Ya pili pia. Ijumaa ya tatu alikuwa na njaa, akala.