Huko Chini Haisomi

Nimepokea simu za kampuni ya maji tangu nywele zangu zikiwa nyeusi ti. Sasa wanasema simu zitapokelewa na mashine, na anayetaka kubaki ajifunze kuandika programu kwa mwalimu wao, kisha afaulu mtihani. Haya! Ningefanyaje? Nyumba tunayokaa ni ya kampuni, na mama yangu amelala humo, hajiwezi. Kazi ikienda, nyumba nayo inakwenda.

Binti yangu kitindamimba, anayesomea mambo hayo, ndiye aliyenikalisha mezani kila nikitoka kazini.

"Mama, mashine inauliza: kama. Jibu likiwa ndiyo, inatenda. Likiwa hapana, inashuka kwenye la sivyo."

Nikaandika ya kwangu: kama bibi ameamka, mpe chai, la sivyo, kama bibi ana homa, mpe dawa. Nikajiona mtaalamu. Binti akacheka mpaka akashika mbavu.

"Umemuua bibi!"

"Wee! Koma!"

"Je, akiwa ameamka, na homa anayo? Mashine imeona ameamka, imempa chai, imemaliza. Ikipata ndiyo hapo juu, huko chini haisomi."

"Basi mashine pumbavu."

"Inafuata mpangilio wako, mama. Weka homa juu."

"Na hiyo chai yenyewe iko wapi?" mama yangu akauliza kutoka kitandani. Tulicheka sote.

Mtihani nilifaulu. Nilifaulu, jamani! Mwalimu wa kampuni alinipa mkono mbele ya watu, na machozi yakanilengalenga.

Kisha meneja akawasha skrini ukutani. Akasema hiyo ndiyo programu itakayochagua wa kubaki, ili mtu asionewe. Wenzangu wakapiga makofi. Mimi nikasoma.

Kama umri umezidi hamsini: aondoke.
La sivyo, kama amefaulu: abaki.

Hamsini nimeshaipita.

"Mwalimu," nikasema, "mistari imepinduka. Mtihani ukae juu."

Akatazama viatu vyake. "Haijapinduka, mama. Nimeambiwa niandike hivyo."

"Sasa mlikuwa mnatufundisha ya nini?"

Meneja akasema tusipoteze muda, watu wana kazi.

Nyumbani nilimkuta binti akimgeuza bibi yake ubavu wa pili. Aliponiona tu akaruka.

"Umefaulu?"

"Nimefaulu."

Akanikumbatia, akapiga vigelegele. Mama yangu akauliza kuna nini, akaambiwa, naye akaanza kunishukuria Mungu kwa ile sauti yake ndogo. Nilitamani kuwaacha hivyo hivyo. Lakini wa kuja kuchukua funguo angekuja tu.

"Umri wameuweka juu," nikamwambia binti.

Akaacha kupiga vigelegele. Hakuuliza huko chini kumeandikwa nini.

"Tunabaki, eti?" mama yangu akauliza.

Binti akamfunika shuka vizuri, akaniangalia nijibu.