Toroli Thelathini na Nane

Kamanda hakuwa na bunduki, ingawa alikuwa mlinzi. Hakuwa na sare ya kumkaa, kwa sababu aliyopewa ilishonewa mtu mwenye kitambi. Hakuwa na mbwa, hakuwa na msaidizi, hakuwa na tochi inayowaka bila kupigwapigwa, na kwa miaka kumi na tisa hakuwa amepata mgeni hata mmoja wa maana. Alilinda kiwanda cha betri kilichokufa: mabati yenye kutu, matangi matatu matupu, na uwanja mweusi ambao hata magugu yaliukwepa.

Siku moja ofisi ya mji ikamwarifu kwamba mpimaji wa kike angekuja Jumatano kuchukua udongo wa uwanja ule. Ukionekana salama, pangejengwa chekechea, naye angebaki kuwa mlinzi wake. Ukiwa na sumu, geti lingetiwa kufuli na yeye angekwenda nyumbani kupumzika. Kamanda alifanya haraka kuchagua. Mjukuu wake alikuwa amefikisha miaka minne, na tayari babu alijiona getini asubuhi, akimpigia saluti binti mfupi mwenye mkoba mrefu.

Furaha ikampanda kichwani. Vijana wa ofisi walipokuja kupigilia vigingi kumi na viwili palipotakiwa kuchimbwa, yeye aliona jambo moja tu: hapo ndipo mgeni atakapopiga magoti, tena mgeni wa kike, na tope lote lile. Nyumba ikitarajia wageni hufagiliwa. Basi Jumatatu na Jumanne akasukuma toroli thelathini na nane za udongo mwekundu kutoka bustani ya mkewe. Penye kila kigingi akaweka unene wa shubiri na nusu, kwingine akanyunyiza kama unga, akamwagia maji, akashindilia kwa buti huku akijiimbia. Mkewe alipoona bustani imegeuka shimo alinuna, ila alipokumbushwa habari ya mjukuu akanuna kidogo zaidi ya nusu tu.

Mpimaji alikuwa binti mchangamfu, na ndiyo kazi yake ya kwanza peke yake. Alivaa glavu, akachimba kila kigingi shubiri moja kwenda chini, kwa kuwa huko ndiko mikono ya watoto hufika. Akaosha chuma chake kila baada ya shimo, akaandika namba juu ya kila mfuko. Kamanda alimfuata na kigoda ambacho hakuna aliyekikalia.

Baada ya wiki mbili simu ililia wakati wa chakula cha mchana. Mpimaji hakungoja salamu ziishe. Alisema udongo ule ni safi ajabu, hajapata kuona kitu kama kile, mtu angeweza kupanda mboga. Kamanda akainuka, akazunguka meza mara mbili, akambusu mkewe kwenye kilemba, akamweleza.

Mkewe akaendelea kupakua. "Si ndio udongo niliokuwa napandia mboga?"

Akacheka yeye mwenyewe, akacheka hadi mwiko ukamtoka mkononi. Bustani yake imefaulu mtihani wa serikali, alisema, na jirani aliyekuwa akiidharau aje apigwe picha nayo. Kamanda naye alicheka, kisha akaacha. Alimwona mjukuu amechuchumaa pale uwanjani, mvua imeshapeleka wekundu wote mtaroni, anafinyanga vyungu vya udongo mweusi, anajipangusa mdomo kwa mkono uleule.

Akampigia mpimaji simu, akamweleza udongo ule ulikotoka. Ukasikika mshindo wa mtu aliyekaa ghafla.

"Mzee wangu," alisema, "mfuko wa saba ulikuwa na kitunguu. Nikadhani wafanyakazi wa zamani walikuwa wanakula humo."

Wakacheka wote wawili, vibaya sana, mpaka ikabidi mmoja aombe maji. Kisha binti akaeleza kwamba majibu yamekwisha kupokelewa na kikao cha kuamua ni Ijumaa. Kwa mdomo hayarudishwi, ila kwa maandishi yenye sahihi.

"Nikichimba chini ya udongo wako, baba, unajua kitakachoonekana?"

"Najua, mwanangu. Nimeukanyaga miaka kumi na tisa."

Kamanda alikaa mezani kuandika barua, sahani bado haijaondolewa. Rasimu ya kwanza ilijaa heshima na taadhima, na mkewe, akisoma begani, alisema mpaka wafike kwenye udongo watoto watakuwa wameoa. Ya pili akaandika hivi: udongo mliopima ni wa bustani ya mke wangu, niliuweka mimi, sikuwa na nia mbaya, njooni mchimbe chini yake, nami nitawashikia kamba ya kupimia.

"Andika kwamba bustani imefaulu," mkewe alisema.

"Hii ni barua rasmi."

"Ndiyo maana nataka iandikwe."

Akaandika. Akatia sahihi ndefu yenye mkia, akalamba gundi mara mbili kwa sababu mara ya kwanza alikuwa akicheka, akaibana bahasha kwa kiganja. Mkewe akajifunga kanga, wakaenda posta wakitembea upesi kama wanaochelewa harusi. Karani akauliza iende ya kawaida au ya haraka. Wakajibu kwa pamoja. Akaigonga muhuri, akaitumbukiza kwenye gunia la alasiri, na dereva akalibeba kwenda garini.