Maji Yapo

Kinyozi huyu watu walimwita Mkono Laini, kwa sababu hakuna aliyewahi kutoka kwenye kiti chake akivuja damu. Sifa hiyo aliipenda kupita kiasi. Aliitaja hata msibani. Asubuhi ile alimkata mteja wake mara mbili kabla hajafika kwenye kidevu.

"Mzee wangu, leo unaninyoa au unanichinja?" aliuliza mwoka mikate, akicheka ndani ya povu.

"Tulia, baba. Ukicheka ngozi inakunjamana," kinyozi alijibu, akabandika kipande cha karatasi penye damu. Ngozi ya mteja haikuwa na kosa lolote.

Kosa lilikuwa kwenye kiwanja. Mchana huo walikuwa wakutane na mashahidi watie saini, ili kiwanja cha kinyozi kule nyuma ya karakana ya mbao, pamoja na kinyumba chake cha zamani, kiwe cha mwoka mikate. Hapakuwa na dalali. Waliuziana wenyewe kwa wenyewe kwa sababu walijuana, na mtu anayekuachia koo lake kila wiki hana haja ya kukuuliza maswali mengi. Kinyozi naye alikuwa ameshikwa pabaya. Mwenye chumba cha kazi alikuwa amesema wazi: ama akinunue, ama atoe vioo na viti vyake barabarani.

Siku chache nyuma, walipokwenda kuona kiwanja, jua lilikuwa kali na ardhi imekauka kau. Mwoka mikate aliuliza jambo moja tu.

"Maji yapo?"

Alimaanisha maji ya bomba, ya kupikia na kuoga, kama anavyomaanisha kila anayenunua kiwanja. Kinyozi alijua fika anamaanisha nini.

"Maji yapo," alisema. "Tena mengi."

Mke wa kinyozi, aliyekuwa amesimama pembeni na mwavuli wake, alishikwa na kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi.

Bomba lilikuwepo, hilo ni kweli. Lakini mengi aliyoyataja kinyozi yalikuwa mengine. Mvua zikipamba moto, korongo la juu hujaa, na maji hushuka yote kwenye kiwanja kile kama yameitwa. Mwaka wa mvua kubwa yaliwakuta mezani wakila. Walipanda juu ya paa na watoto wao, wakakaa huko mpaka kukapambazuka, sufuria zao zikielea uani. Baada ya hapo walihama. Kilichobaki ni mstari wa tope ukutani, na mstari huo kinyozi aliupaka chokaa kwa mkono wake mwenyewe, siku moja kabla ya mnunuzi kuja.

"Si nimesema kweli?" alimwambia mkewe njiani wakirudi.

"Umesema kweli, baba watoto. Kama anayeuza ng'ombe wa miguu mitatu akajisifu kwamba hapigi mateke."

Alicheka, kwa kuwa mkewe alikuwa na ulimi na yeye alimpendea huo ulimi. Kisha hakulala vizuri tena. Alipojiangalia kwenye kioo cha kazini aliona haya, na kinyozi hana namna ya kukikimbia kioo. Mtu mzima na akili zake, amemuuzia mwenzake mbuzi kwenye gunia!

Sasa mwenzake huyo alikuwa kwenye kiti, shavu moja limenyolewa, jingine lina povu, akiongea kwa furaha.

"Unajua kilichonivutia ni nini? Nyumba yenu haina ngazi. Kila nyumba niliyoiona ina ngazi mlangoni. Hii, kiti cha magurudumu cha mama kinaingia moja kwa moja. Tangu miguu yake ikatae kazi, mtu akitaka kumtoa nje lazima ambebe, na yeye kubebwa hataki. Ameshafunga vitu vyake. Anasema atajisukuma mwenyewe mpaka uani."

Wembe ulisimama. Kinyozi hakuwahi kusikia habari za mama.

"Baba, kuna jambo. Mvua zikizidi, maji hupita pale uani."

"Yanafika wapi?"

Hapo ndipo alipaswa kumwaga mtama wote. Badala yake alitazama chini.

"Kwenye visigino."

Mwoka mikate alipumua. "Kumbe ndilo linalokutetemesha mkono! Visigino si kitu, nitamwaga kifusi. Mzee wangu, siku hizi mtu mkweli kama wewe ni wa kutafuta kwa tochi."

Lingekuwa tusi angelivumilia. Sifa ilimchoma. Aliuweka wembe kwenye bakuli, akashika mgongo wa kiti kwa mikono miwili.

"Si visigino. Yanaingia ndani. Mwaka ule yalipita madirisha. Uliponiuliza maji yapo, nilikujibu nikimaanisha hayo hayo. Na ule ukuta mweupe ulioupenda, niliupaka chokaa ili usione."

Mwoka mikate alimtazama ndani ya kioo. Alisubiri kidogo, labda ataambiwa ni utani. Halafu alijifuta povu kwa kitambaa, akainuka na kutoka na ndevu za upande mmoja. Huko nje mtu alimpigia mluzi, watu wakacheka. Kinyozi alibaki akikunja na kukunjua kitambaa, akijiambia kwamba angalau amesema.

Mchana mwoka mikate alirudi, ndevu zake bado za upande mmoja, akisukuma kiti cha magurudumu. Ndani yake alikaa mama yake, kitambaa kipya kichwani, kifurushi mapajani.

"Nimeshindwa kumwambia," alisema. "Anadhani tunakwenda kwake. Njoo umwonyeshe wewe."

Walikwenda mpaka kwenye kile kinyumba. Ni kweli kiti kiliingia ndani kwa urahisi, bila ngazi wala kizingiti. Mama alitabasamu, akasifu baridi ya sakafu. Kinyozi alipiga goti mbele ya ukuta, akatoa wembe wake mfukoni na kuanza kukwangua. Chokaa ilianguka vipande vipande, na mstari wa tope ukatokea, wa kahawia, umenyooka.

"Maji, mama," alisema. "Yalifika hapa. Nilimficha mwanao jambo hili."

Mwanawe alikisogeza kiti mpaka ukutani. Mstari ulipita juu ya kitambaa cha mama, na bado nafasi ya kiganja ilibaki. Mama aliugusa kwa kidole, akakitazama kidole.

"Siku hiyo ninyi mlikuwa wapi?"

"Juu ya paa, mama. Mimi, mke wangu na watoto."

Mama aliinua macho akalitazama paa. Hakuwa na hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua tu.

"Na mimi angenipandisha nani, baba?"

Kinyozi alibaki amepiga goti pale pale, chokaa imemjaa mikononi, huku nyuma yake kiti kikigeuzwa na kutoka mlangoni bila kugonga kitu.