Unaombwa Kuudhuria

Binti alipoiweka kompyuta mezani, alisema ameinunua ili mama yake apumzike. Mama mwenyewe alikuwa na miaka sitini na mbili, vidole kumi vizima, na hasira ya mtu anayehimizwa kupumzika na watu ambao wao wenyewe hawapumziki.

"Utaangalia filamu," alisema binti, ambaye ni muuguzi na tayari alikuwa amevaa sare za zamu. "Na picha za wajukuu. Hii ndogo hivi wanaiita kompyuta mpakato."

"Kwa nini mpakato?"

"Kwa sababu unaipakata. Mapajani."

"Kitu cha mwisho nilichokipakata ni wewe, na ulinikojolea. Hii itakaa mezani."

Ikakaa mezani, binti akaenda kazini.

Mtaani walimwita Bi Chapa. Kwa miaka thelathini na minne alikuwa katibu muhtasi wa shule ya msingi nyuma ya soko, na katika miaka hiyo hakuna barua, mtihani wala tangazo lililotoka pale bila kupita chini ya vidole vyake. Alipiga taipu huku akijibizana na wazazi dirishani, bila kutazama mashine, na karatasi ikatoka haina doa. Sifa yake ilikuwa moja tu: hakosei. Walimu wakuu sita walikuja wakaondoka, na wote sita walikiri hivyo. Shule ilipopata kompyuta, ikaamua kumstaafisha, na barua ya kumstaafisha akaipiga mwenyewe, maana hapakuwa na mwingine aliyejua kupanga pambizo. Aliisoma mara mbili, akaisifu, akaenda nayo nyumbani.

Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mitaa miwili kutoka nyumbani kulikuwa na ofisi ya wakili, na ofisi hiyo ilitaka mpiga chapa mwenye kompyuta yake. Bi Chapa alikuwa ameshakwenda kuuliza, kimyakimya, binti akiwa zamu. Wakili, mwanamke wa miaka arobaini hivi mwenye sauti ya kukata maneno, hakumficha kitu.

"Kutakuwa na jaribio, Mama, wiki tatu kuanzia leo. Kosa moja tu, tunaagana. Karani aliyeondoka alimwandika mdai kuwa mdaiwa. Herufi mbili tu zile, na mteja wangu akasomewa shauri lake mwenyewe kana kwamba yeye ndiye mkosaji."

"Kwangu hutaona hilo," alisema Bi Chapa.

Aliitaka kazi ile kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Chakula alikuwa nacho na paa lilikuwepo. Alichokosa ni meza: mahali pa kukaa ambapo mtu anabisha hodi kwa sababu anakuhitaji, si kwa sababu amekuja kuona kama umekunywa dawa. Miaka ya kustaafu ilikuwa imemchosha kuliko yote ya kazi.

Basi akaichomeka chaja ukutani, akabonyeza kitufe cha pembeni, akaketi wima kama anayepokea mgeni. Kompyuta ikamuuliza lugha. Akachagua Kiswahili, akaona wameanza kwa adabu. Ikamuuliza jina lake, akaandika Bi Chapa. Ikataka nywila, na alipoiandika ikamwambia nywila yake ni dhaifu.

"Dhaifu mwenyewe," alisema, akaongeza namba tatu na alama ya mshangao, ikanyamaza.

Shida ya kwanza ilikuwa mikono. Vidole vilizoea vitufe vya chuma vinavyotaka kupigwa kwa nguvu, na hivi vilikuwa laini kama vidonge vya watoto. Alipopiga mstari wa kwanza, meza ilitikisika na jirani akauliza kulikoni. Tena kila mstari ulipofika mwisho, mkono wake wa kushoto uliinuka wenyewe kwenda kusukuma wenzo wa taipu, ukakizaba kioo kibao. Siku ya kwanza alikizaba mara nne, siku ya pili mara moja. Siku ya tatu mkono ulitii, na ya nne kasi yake ilikuwa imerudi yote.

Shida ya pili haikuwa ya mikono. Kwa mazoezi alikuwa akipiga barua za zamani za shule, zile alizozijua kwa moyo, na kila alipomaliza neno, mstari mwekundu uliopindapinda ulijitokeza chini yake. Mzazi: mwekundu. Mpendwa: mwekundu. Ukurasa mzima ulionekana kama daftari la mtoto mtoro. Bi Chapa, ambaye hakuwahi kusahihishwa tangu alipokuwa msichana, alihisi damu ikimpanda kichwani.

Mtu mwingine angejishuku. Yeye alikwenda kabatini, akatoa kamusi yake iliyopoteza jalada, akaanza kulitafuta neno moja baada ya jingine. Mzazi lipo. Mpendwa lipo. Alipofika neno la ishirini akaifunga kamusi na kuitazama mashine kwa huruma.

"Kumbe hujasoma," aliiambia.

Na kweli ilikuwa hivyo. Kiswahili ilichokisema ilipowaka kilikuwa cha kukariri, cha kupokelea wageni. Binti aliporudi alimwonyesha kwamba ukibonyeza upande wa kulia wa kipanya juu ya neno, unapata chaguo la kuliongeza kwenye kamusi ya mashine, na mstari unafutika.

"Au nikuzimie mistari yote," alisema binti. "Ni mara moja tu, Mama."

"Mwanafunzi asiyejua hafukuzwi darasani. Niachie."

Hapo ndipo binti alipoambiwa habari za wakili. Akataka kubisha, akamtazama mama yake usoni, akaenda kuoga.

Wiki mbili Bi Chapa aliisomesha kompyuta. Alijiwekea sharti: neno halitaingia kabla ya kulihakiki kwenye kamusi, hata liwe mama, hata liwe maji, kwa sababu kumfundisha mtu kosa ni kubaya kuliko kutomfundisha kabisa. Asubuhi alipiga ukurasa, mchana akahakiki, jioni akaongeza. Kila siku ukurasa ulipungua wekundu, na yeye akapata raha ambayo hakuikumbuka tangu siku za kengele na chaki.

Siku tatu kabla ya jaribio, mistari ilibaki michache. Alikuwa akipiga ile barua aliyoipiga mara nyingi kuliko zote maishani: "Mpendwa Mzazi, Unaombwa kuudhuria mkutano wa wazazi utakaofanyika Ijumaa." Neno moja likapigiwa mstari: kuudhuria. Akafungua kamusi kwenye herufi U. Akakuta udhi, udhia, udhuru. Udhuria halikuwepo. Akapitisha kidole tena, taratibu, akasafisha miwani, akarudia. Ndipo akafungua herufi H, na moyo ukitangulia macho, akalikuta limekaa kwa utulivu mahali pake: hudhuria, fika mahali penye shughuli.

Nyani haoni kundule. Miaka thelathini na minne, walimu wakuu sita, na hakuna aliyeliona. Au wapo walioliona wakaona haya kumwambia Bi Chapa. Kilichomchoma zaidi ni jirani wa neno lile alilolibuni. Udhuru ni sababu ya mtu kutofika. Kila muhula alikuwa amewaandikia wazazi mia tano barua inayokaribia kuwaomba wasije, kisha akakaa dirishani akilalamika kwamba wazazi wa siku hizi hawaji.

Aliona aibu, aibu ya kweli, ya kumfanya mtu atazame mlango kama umefungwa. Kisha akalifuta lile neno, akaandika kuhudhuria, akaliongeza kwenye kamusi ya mashine, akaendelea na ukurasa.

Siku ya jaribio aliingia ofisini kwa wakili saa nne kasoro dakika kumi, kompyuta mkobani pamoja na kamusi, nguo zimenyooshwa. Mlangoni palibandikwa tangazo ambalo mara ya kwanza hakulisoma: WATEJA WOTE WANAOMBWA KUUDHURIA KWA WAKATI. Lilikuwa neno lake, halina h, limebandikwa kwenye mlango wa mtu asiyemhusu. Akaketi, akafungua mashine, akaandika nywila yake bila kukosea.

Wakili alimpa kurasa mbili za mwandiko wa mkono na saa moja.

"Neno kwa neno, Mama. Kama nilivyoandika."

Bi Chapa akapiga. Vitufe vililia taratibu, mistari ikajipanga, skrini ikabaki safi. Katikati ya ukurasa wa kwanza alikutana na "shahidi alishindwa kuudhuria", na kwenye ukurasa wa pili mara mbili tena. Vidole vilisimama. Aliambiwa neno kwa neno. Akilinakili kama lilivyo, hakuna wa kumlaumu, na kazi ni yake. Aliwaza kuhusu mwanafunzi wake pale mbele yake, aliyesomeshwa kwa uangalifu kiasi kile, akaandika kuhudhuria mara zote tatu. Alimaliza dakika kumi na nane kabla ya saa.

Wakili alisoma kwenye skrini akifuatisha karatasi yake kwa kalamu. Alifika mwisho, akapumua.

"Safi, isipokuwa neno moja. Kuudhuria. Umeliongezea h mara tatu. Nilikuambia kosa moja."

"Neno lina h, Wakili."

"Mimi nimeliandika hivi tangu utotoni."

Bi Chapa alitoa kamusi mkobani, akaifungua, akaisukuma mezani. Wakili alisoma. Akasoma tena. Uso wake ulilegea, na kwa mara ya kwanza alionekana kama mtoto wa mtu.

"Kumbe," alisema polepole. "Basi shule nzima ilikosea. Nilisoma ile shule nyuma ya soko. Kila muhula nilipewa barua nimpelekee mama, na mama hajui kusoma, kwa hiyo namsomea mimi. Unaombwa kuudhuria. Akaniuliza, wanataka udhuru? Nikatazama karatasi, nikaona udhuru kweli umo mle ndani. Nikamwambia ndiyo, wanataka udhuru. Akasema, waambie nipo kazini, nafua nguo za watu. Nikawapelekea." Alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. "Miaka saba. Nilidhani hataki kuja. Yeye naye alidhani hawamtaki."

Kazi ilikuwa imeshapatikana; ilibaki kufunga mdomo tu. Wakili hakujua ni shule gani aliyofanyia kazi mwanamke huyu, wala hakuuliza. Bi Chapa aliitazama mikono yake, mikono asiyoikana hata siku moja, akaona haiwezi kukaa mezani pa wakili na kuficha jambo hili. Mficha uchi hazai.

"Barua hizo nilizipiga mimi," alisema. "Zote. Nilikuwa katibu pale. Kosa ni langu, nimeligundua Jumatatu hii, na mama yako namwomba radhi. Wewe pia. Sheria yako ya kosa moja naijua."

Akakunja kompyuta, akaanza kuukusanya waya wa chaja. Wakili alikuwa akitazama mlango, lile tangazo likionekana kwa nyuma kupitia kioo.

"Keti, Mama," alisema hatimaye. "Ifungue hiyo mashine. Kuna barua ya kupiga."

"Ya nani?"

"Ya mama yangu. Jumanne nina shauri kubwa. Miaka kumi na minne nasimama mahakamani, hajawahi kuniona."

Bi Chapa aliketi. Wakili alitamka maneno na yeye akayashusha: Mpendwa Mzazi, Unaombwa kuhudhuria. Hakuna mstari mwekundu uliotokea popote. Aliisoma mara tatu badala ya mara mbili, kisha ikachapwa. Alipokuwa akitoka, alibandua tangazo la mlangoni na kwenda nalo nyumbani, aliandike upya.

Jumanne alifika mahakamani mapema, amebeba majalada ya wakili kifuani. Kwenye mlango wa chumba cha mashauri alimkuta mwanamke mzee, mfupi, mikono imekwajuka kwa maji na sabuni za miaka. Alikuwa ameshika barua kwa mikono miwili, imekunjwa mara moja tu, na karani wa mlangoni alikuwa akimuuliza yeye ni nani katika shauri hili, mdai, mdaiwa au shahidi.

"Mimi ni mzazi," alisema yule mwanamke, akamnyooshea barua. "Jirani amenisomea. Nimeombwa kuhudhuria, na sina udhuru."